Kama Muda Husimama Ukingoni, Shimo Jeusi Hukamilika Lini?

Tarehe 14 Septemba 2015, saa 09:50:45 UTC, vioo vilivyoning'inizwa kwenye mikono ya kilomita 4 ya LIGO, kitambuzi cha mawimbi ya mvutano, huko Livingston, Louisiana, vilisogea kwa umbali usiofika hata sehemu moja ya mia ya upana wa protoni. Milisekunde 7 baadaye, vioo vya Hanford, Washington, vilifanya vivyo hivyo. Mtikisiko ulianza na mizunguko 35 hivi kwa sekunde, ukapanda hadi 250, ukafifia. Wote haukuzidi sekunde 0.2. Shimo jeusi lenye tungamo la majua 36 lilikuwa limeungana na jingine la majua 29, likabaki moja la majua 62. Tungamo la majua 3 lilikuwa limeondoka kama mawimbi ya mvutano, mitikisiko ya nafasi yenyewe.

Likabaki moja. Limekamilika, kwa saa zetu sisi tulio mbali.

Hapo ndipo pamenisumbua kwa wiki kadhaa. Yeyote anayefuatilia mambo haya ameshasikia kwamba kitu kinachoanguka kuelekea shimo jeusi, kikitazamwa kwa mbali, huonekana kupunguza mwendo na hakifiki kamwe kwenye upeo wa matukio, ule ukingo ambao kilichouvuka hakiwezi kurudi, hata mwanga. Kama ni hivyo, mashimo yale yaliunganaje kwa sehemu ya tano ya sekunde? Na shimo linalozaliwa nyota inapoanguka, lenyewe hukamilika lini? Ulimwengu una miaka bilioni 13.8 tu. "Kamwe" ni ndefu kuliko hiyo.

Saa mbili, majibu mawili

Swali si geni. J. Robert Oppenheimer na mwanafunzi wake Hartland Snyder walikutana nalo mwaka 1939. Walichukua nyota ya kufikirika: tufe la vumbi lenye msongamano ule ule kila mahali, lisilozunguka, lisilo na shinikizo la ndani. Wakaliacha lianguke kwa uzito wake lenyewe, wakifuata milinganyo ya Einstein hadi mwisho.

Saa iliyopanda juu ya vumbi ilionyesha kwamba anguko zima huisha kwa siku moja hivi. Saa iliyobaki mbali ilionyesha nyota ikisinyaa kuelekea nusukipenyo fulani bila kukifikia.

Nusukipenyo chenyewe kilikuwa kimeshajulikana kutoka kwa Karl Schwarzschild, mwaka 1916. Ni kilomita 2.95 kwa kila tungamo la jua moja. Dunia yetu ingebidi ibanwe hadi milimita 9. Kitu cha majua 10, ambacho nitakitumia katika hesabu zote zinazofuata, kina nusukipenyo cha Schwarzschild cha kilomita 29.5.

Kwa miaka mingi wataalamu wengi walilichukua jibu la saa ya mbali kuwa ndio ukweli: nyota huganda ukingoni, basi. Mwaka 1958 David Finkelstein aliandika umbo lile lile la angawakati (nafasi na muda vikichukuliwa pamoja) kwa majiranukta mengine, yaani namba nyingine za kutaja mahali na wakati, na ukingo ule haukuonyesha tatizo lolote. Mata hupita kuingia ndani kama inavyopita mahali pengine popote. Kutoka ndiko kusikowezekana. Kilichokuwa kimeharibika ni namna ya kuhesabu muda. Ni kama mistari ya longitudo inavyokutana yote kwenye Ncha ya Kaskazini: ukisimama pale huna longitudo moja, lakini ardhi haina tundu.

Mwaka 1965 Roger Penrose akaondoa shaka iliyobaki, kwamba pengine mambo haya hutokea tu kwa matufe yaliyokamilika ya kwenye karatasi. Alionyesha kwamba hata anguko lililopinda na lenye vurugu, likishapita kiwango fulani, halina njia ya kurudi.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini peke yake hayaridhishi. Kumwambia mtu "tatizo ni majiranukta" ni kumpa jibu la mwanahisabati. Bado anataka kujua nyota ilifanya nini.

Sekunde ambayo nyota hushindwa

Nyota yenye tungamo la majua 25 hivi huchoma hidrojeni kwa takriban miaka milioni 7. Heliamu huchukua chini ya miaka milioni 1. Kaboni, miaka 600 hivi. Oksijeni, miezi. Silikoni, ya mwisho, hukaa siku moja tu. Kila hatua huhitaji joto kubwa zaidi na hutoa faida ndogo zaidi, na kiini kikishafika kwenye kundi la chuma na nikeli, kuunganisha atomi hakutoi nishati tena. Hula nishati.

Kiini hicho cha chuma kina ukubwa wa sayari na tungamo linalozidi kidogo la Jua. Kinashikiliwa na elektroni zinazokataa kubanwa. Kikipita majua 1.4 hivi, mambo mawili yanakivunja kwa pamoja. Mnururisho wenye joto la takriban digrii bilioni 10 hupasua viini vya atomi za chuma na kumeza nishati. Wakati huo huo elektroni husukumwa ndani ya protoni, zikazaa nyutroni na nyutrino (chembe nyepesi mno zinazopenya karibu kila kitu), na kila elektroni iliyomezwa ni nguzo iliyong'olewa. Kiini huanguka kwa karibu robo ya kasi ya mwanga. Robo sekunde inatosha.

Nyutroni zikishagusana, anguko hugonga mwamba na kurudi nyuma. Wimbi la mshtuko huondoka, lakini likifika kilomita 100 hadi 200 kutoka katikati huishiwa nguvu, kwa sababu limetumia nishati yake kuvunja chuma kinachozidi kumiminika juu yake. Hapa ndipo hatima inapoamuliwa. Nyutrino zinazochuja kutoka kwenye kiini cha moto zikilipasha wimbi lile joto vya kutosha, nyota hulipuka na kuacha nyota ya nyutroni. Zisipotosha, mata huendelea kunyesha, na kiini huvuka kiwango ambacho nyutroni zinaweza kubeba: kati ya majua 2 na 2.5, kwa kadiri vipimo vya sasa vinavyoonyesha.

Baada ya hapo shinikizo halisaidii. Katika nadharia ya Einstein, shinikizo lenyewe huzalisha mvutano. Kadiri mata inavyojibana ili kupinga, ndivyo inavyojiongezea uzito wa kuipinga.

Si lazima pawe na mlipuko. Katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, kuna jozi inayoitwa VFTS 243: nyota ya majua 25 hivi inayozungukana na shimo jeusi la majua 10 hivi kila baada ya siku 10.4, kwa njia iliyo karibu duara kamili. Mlipuko mkubwa ungerusha tungamo nje na kuipinda njia hiyo. Inaonekana nyota iliyozaa shimo lile ilimezwa karibu yote, kimyakimya.

Fotoni ya mwisho

Tuirudie sasa ile "kamwe".

Uso wa nyota unapokaribia upeo, kila mapigo ya mwanga huchukua muda mrefu zaidi kutoka, na urefu wa wimbi hunyooka. Picha ya kawaida hapa ni ya nyota inayoning'inia ukingoni, ikififia polepole kwa karne na karne.

Hesabu inasema vingine kabisa. Kwa shimo la majua 10, mwangaza unaotufikia hushuka hadi karibu theluthi kila baada ya milisekunde 0.26. Hupungua kwa kuzidisha, si kwa kutoa. Milisekunde 20 zikipita, umeshushwa hivyo zaidi ya mara 75 mfululizo. Na mwanga si kitu kisicho na ukomo: huja kwa fotoni moja moja. Kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha, fotoni ya mwisho itakayowahi kukufikia imeshapita. Zaidi ya hapo hakuna picha iliyoganda ya kutazama. Pana giza tu, lililofika haraka kuliko kope inavyofumba.

Hili lilinipunguzia nusu ya tatizo. "Huonekana kuganda" ni sentensi kuhusu mfululizo usio na mwisho katika mlinganyo. Darubini yoyote halisi ingeona kitu kikizimika.

Lakini nusu nyingine ilibaki. Kutokuiona nyota si ushahidi kwamba imeingia.

Jaribu kuiokoa

Kilichonigeuza ni kuuliza swali kwa upande wa pili. Badala ya kungoja mwanga utoke kwa nyota, tuma wewe ishara iende kwake.

Chukua chombo kinachoanguka pamoja na uso wa nyota. Unataka kukipelekea amri: washa injini, rudi. Amri ikifika chombo kikiwa nje ya upeo, pengine kitapona. Ikifika kikiwa ndani, hakuna injini itakayokisaidia. Je, una muda usio na mwisho wa kutuma amri hiyo, kwa kuwa kwa saa yako chombo hakivuki kamwe?

Huna. Mwanga unaoingia hauchelewi kama mwanga unaotoka. Kuna dakika maalumu, inayosomeka kwenye saa yako mwenyewe huko mbali, ambayo ishara iliyotumwa baada yake itakikuta chombo ndani. Kwa kuwa mwanga wa kuja na ishara ya kwenda vyote huchukua muda njiani, dakika hiyo hupita kabla hata hujakiona chombo kikianza kufifia. Ukikitazama kikiwa kimeng'ang'ania ukingoni, unatazama barua iliyochelewa.

Kwa hiyo saa ya mbali inajua. Ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ni ya kawaida kabisa. "Kamwe" ilikuwa mali ya mwanga unaorudi peke yake. Nadhani maelezo mengi yangeeleweka mara moja kama yangeanzia hapa badala ya kuanzia kwenye picha ya nyota iliyoganda.

Jambo la pili ni kwamba upeo hauingojei nyota kwenye kilomita 29.5. Huanzia katikati. Tumia tena tufe la vumbi la Oppenheimer na Snyder, la majua 10, lililoanza kuanguka kutoka mbali sana. Uso wake ukiwa bado kwenye nusukipenyo cha kilomita 66, yaani mara 2.25 ya kile cha Schwarzschild, tayari miale inayoondoka pale katikati haitatoka kamwe. Upeo huchipuka pale kama nukta na kupanuka kwa kasi ya mwanga. Unakutana na uso unaoshuka baada ya mikrosekunde 156 hivi kwa saa ya vumbi. Mikrosekunde 66 baadaye, vumbi la usoni limefika katikati, mwisho wa hesabu, ambako milinganyo haisemi kitu tena.

Atomi iliyokuwa katikati haikuhisi kitu upeo ulipoanza. Hakuna kipimo cha mahali hapo kingeonyesha. Upeo hufafanuliwa na kile ambacho mwanga utaweza au hautaweza kufanya siku zijazo, na kwa sababu hiyo hukua hata kabla ya mata inayoukuza kufika. Hili bado linanipa kizunguzungu kidogo, ila halina mgongano ndani yake.

Kuna wanaouliza: mbona mwanafizikia Stephen Hawking alionyesha kwamba shimo huyeyuka, basi si litaisha kabla ya kitu kuingia? Shimo la jua moja lingehitaji takriban miaka 10⁶⁷, na kwa sasa halijaanza hata kupungua, maana joto lake, chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya kelvini, ni dogo mno kuliko kelvini 2.7 za mnururisho uliojaa angani. Linapokea zaidi kuliko linavyotoa. Tena hoja hiyo inarudia kosa lile lile la kuhesabu kwa mwanga unaotoka. Tarehe ya mwisho ya ishara yako haibadiliki.

Kuelea, kuzunguka, kuanguka

Watu husema "karibu na shimo jeusi muda hupungua" kana kwamba ni hali ya hewa ya mahali pale. Inategemea unafanya nini ukiwa pale.

*Anayeelea.* Huyu anawasha injini ili akae umbali ule ule. Saa yake hupungua kwa kipeuo cha pili cha moja kutoa nusukipenyo cha Schwarzschild gawanya kwa umbali. Akiwa mara 2 ya nusukipenyo hicho, saa 1 ya mbali ni dakika 42 kwake. Akiwa mara 1.01, saa 10 za mbali ni kama saa 1 tu. Inavutia, mpaka uhesabu injini. Kwenye mara 1.01 ya shimo lililo katikati ya Njia Nyeupe, lenye majua milioni 4.3, angehisi uzito mara milioni 3.5 ya wa duniani. Hata kwenye shimo la galaksi ya M87, la majua bilioni 6.5, ambako mvutano wa ukingoni ni mdogo zaidi, ni zaidi ya mara 2,000. Hakuna mfupa unaohimili.

*Anayezunguka.* Huyu hahitaji injini, ila hawezi kukaribia sana. Kwenye shimo lisilozunguka, njia ya mwisho iliyo tulivu iko mara 3 ya nusukipenyo cha Schwarzschild. Hapo mvutano na mwendo kwa pamoja humpa uwiano wa 1.41: dakika 60 za mbali, dakika 42 kwake. Hiyo ndiyo faida yote. Anayetaka uwiano mkubwa zaidi bila kupondwa lazima atafute shimo linalozunguka kwa kasi sana, ambalo huruhusu njia za karibu zaidi.

*Anayeanguka.* Hapa ndipo kosa maarufu linapokaa. Inasemekana kwamba akivuka upeo ataona mustakabali wote wa ulimwengu ukipita mbele yake. Haoni. Anayeanguka huru kutoka mbali, akitazama nyuma, anaukimbia mwanga unaomfuata. Anapovuka, masafa ya mwanga huo yamepungua hadi nusu. Saa za nyumbani anaziona zikienda polepole, nusu ya kasi ya saa yake. Anayeziona zikienda mbio ni yule aliyeelea.

Na kuvuka kwenyewe? Kwenye shimo la majua 10, tofauti ya mvutano kati ya kichwa na miguu ingekuwa imeshamnyofoa zamani, maana pale ukingoni hufikia mara milioni 10 ya uzito wa duniani kwa kila mita. Kwenye shimo la Njia Nyeupe tofauti hiyo ni ndogo kuliko anavyoweza kuhisi. Angevuka bila kujua, akabaki na si zaidi ya sekunde 66 kwa saa yake, hata afanye nini. Kwenye lile la M87, saa 28 hivi.

Kilichokwisha kupimwa

Sehemu hii ni fupi kwa sababu haina utata. Saa za setilaiti za GPS hutangulia zetu kwa mikrosekunde 38 kila siku, 45 kwa sababu ya urefu na kutoa 7 za mwendo, na mfumo mzima hurekebishwa kwa ajili hiyo. Mwezi Mei 2018 nyota S2 ilipita karibu na shimo la Njia Nyeupe, umbali wa mara 120 ya ule wa Dunia na Jua, kwa kasi ya kilomita 7,650 kwa sekunde. Mwanga wake ulisogea kuelekea wekundu kwa kiasi cha ziada kinacholingana na kilomita 200 kwa sekunde. Kama nusu ya hiyo ni mvutano unaochelewesha muda, na nusu ni mwendo. Kanuni ni ile ile ya GPS.

Na wimbi la 2015? Halikutoka kwenye upeo. Mlio ule wa mwisho, uliofifia kwa milisekunde 4 hivi, huzalishwa nje yake, katika eneo ambalo mwanga wenyewe unaweza kuzunguka shimo: mara 1.5 ya nusukipenyo cha Schwarzschild kwa shimo lisilozunguka. Hapo muda haujasimama. Mashimo yaliungana, umbo la nje likatulia, na vilivyokuwa vikielekea ndani havikuwa tena na njia ya kutupelekea habari tofauti.

Nyutrino zitakapokatika

Kuzaliwa kwa shimo jeusi hakujawahi kunaswa moja kwa moja, lakini dalili yake inajulikana. Tarehe 23 Februari 1987, nyutrino kutoka supanova (nyota iliyolipuka) ya Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi, zilifika saa kadhaa kabla ya mwanga wake kuonekana. Kamiokande nchini Japani, IMB nchini Marekani na Baksan katika Urusi ya Kisovieti vilinasa zipatazo 25, zikitapakaa kwa sekunde 12 hivi na kupungua taratibu. Hivyo ndivyo nyota ya nyutroni inavyopoa.

Nyota ikishindwa kulipuka, mchoro ungekuwa tofauti. Nyutrino zingeanza vile vile na kubaki nyingi, pengine zikiongezeka nishati kadiri kiini kinavyobanwa, kisha zikatike ndani ya milisekunde chache. Zilizokuwa zikielekea kutoka zimefungiwa.

Ikitokea ndani ya Njia Nyeupe, kitambuzi cha Super-Kamiokande kingehesabu nyutrino kwa maelfu, kiasi cha kutosha kuweka alama ya wakati kwenye mkato huo. Muda uliopita kati ya nyutrino ya kwanza na mkato ungeeleza ni mata kiasi gani ilinyesha kabla kiini hakijaelemewa, na hivyo kubana ile namba ambayo leo tunaiandika kwa ulegevu kati ya majua 2 na 2.5.